Kiganja cha Kapteni Sadru

Siku ya mtihani wake wa mwisho, Modesta Machibya alikuwa na saa mia mbili na tisini na mbili za kuruka, na kati ya hizo, tisini na sita alizipata akiwa ameketi kulia kwa mtu mmoja. Mtu huyo aliitwa Kapteni Sadru Jiwani, mzaliwa wa Mirongo hapo Mwanza, umri miaka sitini na miwili, mwenye saa elfu kumi na saba na ushee. Kampuni yao ilikuwa na ndege mbili za pangaboi, kila moja viti arobaini na viwili, na pale Mwanza kapteni wa kufundisha alikuwa huyo huyo. Aliwahi kuwepo wa pili, akapata kazi Uarabuni. Ijumaa aliaga, Jumatatu kiti chake kilikuwa kitupu. Tangu hapo kila kijana aliyetoka chuoni na leseni mbichi alipitia mikononi mwa Sadru, na katika wote hao Modesta ndiye aliyemkaa moyoni.

"Binti huyu hasemeshwi," Sadru alikuwa akimwambia yeyote aliyemkuta kwenye chai. "Nikifikiria jambo, ameshalifanya."

Maneno hayo yangemshtua mtu makini. Sadru hayakumshtua, kwa kuwa mtu akishaipenda kazi ya mikono yake huwa haichunguzi tena. Na Modesta, ambaye alijua vizuri kwa nini hasemeshwi, aliyapokea kama sifa.

Asubuhi hiyo ya mwezi wa nne alikuja kutoka Dar es Salaam Kapteni Nathaniel, mkuu wa mafunzo wa kampuni, mwanamume mwembamba wa miaka arobaini na mitano asiyejua kutulia kwenye kiti. Sahihi ya mwisho ilikuwa yake. Akiitia, kesho yake Modesta angeruka na kapteni yeyote atakayepangiwa, rubani msaidizi kamili. Asipoitia, mkataba wa majaribio ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi, na kampuni haikuwa na mazoea ya kuirefusha mikataba ya namna hiyo. Modesta alisimama nje ya ofisi na makaratasi ya hali ya hewa mkononi. Ukuta ulikuwa wa mbao nyembamba, akasikia kila kitu.

"Mzee Sadru, saa mia mbili na tisini hizi," Nathaniel alisema. "Mimi nikiwa na saa hizo nilikuwa napeleka dawa na magazeti Mpanda, ndege ya injini moja, peke yangu. Nikiona wingu jeusi, nageuza. Leo tunampa mtoto abiria arobaini."

"Na hao wa saa elfu tatu unaoniletea, wamezipata wapi? Mashine inarusha, wao wanapiga soga. Saa ni saa, Nathaniel. Uliza mtu amefanya nini ndani yake."

"Ndicho ninachouliza."

"Basi soma nilichoandika. Soma ile safari ya mwezi wa tatu."

Modesta alijua kilichoandikwa, maana Sadru alikuwa amemwonyesha. Mwezi wa tatu, wakirudi kutoka Bukoba, dhoruba iliwafumbia njia juu ya ziwa, radi mbele, radi pembeni, ndege ikawa inaanguka na kunyanyuka hadi begi la mtu likafunguka huko nyuma na nguo zikamwagika. Modesta ndiye aliyekuwa anarusha. Dakika kumi na moja hakupepesa jicho, akanyoosha moja kwa moja mpaka wakatokea upande wa pili kwenye jua. Sadru aliandika: ana utulivu ambao sijawahi kuuona kwa rubani wa umri wake. Chini akatia sahihi yake kumpendekeza.

Aligonga mlango, akaingia.

"Shikamoo, Kapteni."

"Marahaba," Nathaniel alijibu, akakohoa kidogo. "Umelala?"

"Nimelala," alisema, ingawa tangu saa kumi alfajiri alikuwa amekaa kitandani akitazama ukuta.

Sasa, ili mtu aelewe kilichotokea siku hiyo, inabidi ajue nyumba aliyokulia Modesta. Kwao ni Magu, kwenye mpunga na pamba, na katika boma lile neno la mwisho lilikuwa la babu yake, mzee Malimi, ambaye hakuwa mtu wa kuagiza. Akisogeza kigoda nyuma, ujue anataka maji ya kunawa. Akitazama zizi mara mbili, kuna ndama hayupo, mtu aondoke akamtafute. Akishika kidevu, watoto wote nje. Mtoto aliyengoja kuambiwa alikuwa mtoto asiye na malezi, na mama yake Modesta, Tereza, alikuwa na swali moja tu kwa mtoto wa aina hiyo: "Macho yako yako wapi?" Modesta hakuwahi kuulizwa mara mbili. Akiwa na miaka saba alikuwa anafika na maji kabla kigoda hakijamaliza kusogea, na wageni walimsifu mpaka mama yake akaona haya.

Kwa hiyo alipokaa kulia kwa Sadru siku ya kwanza, akiwa na mbele yake saa, taa na mishale zaidi ya alizowahi kuziona mahali pamoja, macho yake yalikwenda yalikofundishwa kwenda. Wiki ya pili alikuwa ameshamsoma. Kapteni akikohoa kikohozi kimoja kikavu, mwendo umezidi, rudisha leva za injini. Akishusha miwani kutoka kwenye paji la uso na kuivaa, wakati wa kuteremsha magurudumu umefika. Kidole kikianza kugonga goti, ndege imeacha mstari. Na akilaza kiganja cha kulia bapa juu ya paja, kikatulia hapo, basi mambo ni shwari, endelea. Sadru mwenyewe hakujua kama anafanya hayo. Angeambiwa angebisha. Na Modesta hakuona kuwa ni udanganyifu. Mishale aliitazama pia, lakini aliitazama baada ya kumtazama mzee, kama mtu anayehakikisha jibu ambalo ameshalipata.

Kwenda Bukoba ilikuwa safari ya kuonyesha watu. Nathaniel alikaa nyuma yao kwenye kile kiti cha kukunja, daftari gotini. Walipopaa, daraja la Kigongo lilionekana mbali kusini limenyooka juu ya maji. Modesta alirusha kwa mikono, bila mashine ya kujiendesha, kama alivyoagizwa. Sadru alikohoa mara moja, mwendo ukarudi. Akavaa miwani, magurudumu yakashuka. Walitua Bukoba abiria hawakujua ni lini matairi yamegusa ardhi.

"Unaona?" Sadru alisema injini zilipozimwa, akigeuka nyuma na uso umejaa furaha.

Nathaniel alikuwa hajaandika chochote kwenye daftari lake. Alimtazama Modesta, akamtazama Sadru, kisha akatazama lile pengo dogo la hewa kati ya viti vyao.

"Kurudi nitakaa kushoto mimi," alisema. "Mzee utakaa hapa nyuma."

"Kwa nini? Kuna kosa?"

"Sijaona kosa hata moja. Nataka tu kukaa kushoto." Akaongeza, "Na ukiwa hapa nyuma, nakuomba usiseme neno mpaka tuzime injini Mwanza. Usimsaidie."

"Sijawahi kumsaidia. Haya, naahidi," Sadru alisema, na alisema kwa moyo mweupe.

Modesta alishuka kuzunguka ndege, akagusa matairi, akakagua mapanga. Aliyafahamu yote yaliyokuwa kwenye vitabu na mtihani wa darasani alifaulu wa kwanza. Hata hivyo alihisi kama mtu aliyeambiwa akapike jikoni kwa mwenyeji asiyemjua, chumvi haijulikani iko wapi. Alijiambia ni woga wa mtihani, utapita wakishapaa.

Haukupita. Nathaniel alikuwa mtu wa vurugu mwilini. Alikohoa, koo la mtu aliyewahi kuvuta sigara ujanani. Alijikuna shingo, akapiga piga kidole kwenye usukani, akasogea, akarudi. Na miwani hakuwa nayo. Modesta alijaribu kumsoma dakika ishirini nzima juu ya ziwa na hakuambulia kitu. Kidole kilipogonga, aliangalia mstari, mstari uko sawa. Kikagonga tena. Akaanza kusahihisha kitu ambacho hakikuwa kimeharibika, ndege ikapinda kidogo, akairudisha. Jasho lilimtoka mgongoni.

"Uko sawa?" Nathaniel aliuliza.

"Niko sawa, Kapteni."

Walipoanza kushuka, Mwanza ilikuwa imevaa mvua upande wa ziwani. Waongoza ndege waliwaambia wanaweza kuja, uwanja unaonekana, upepo unabadilikabadilika. Nathaniel alijibu redio. Kazi yake kama kapteni asiyerusha ilikuwa hiyo: redio, kutaja namba, kumwangalia anayerusha. Kazi ya Modesta ilikuwa kuileta chini juu ya maji, mwendo ukipungua taratibu hadi maili za baharini mia na kumi na tano kwa saa, aushike hapo mpaka matairi yaguse.

Magurudumu aliyachelewesha. Alikuwa anangoja, na hakujua anangoja nini mpaka alipokumbuka kwamba hakuna miwani ya kuvaliwa.

"Magurudumu," alisema kwa haraka. Nathaniel akayashusha. Ndege ikaanza kuvutwa nyuma na uzito wa upepo kwenye matairi, kama inavyopaswa.

Nathaniel akakohoa.

Mkono wa kushoto wa Modesta ulirudisha leva kabla hajafikiri. Mia na thelathini. Mvua ikapiga kioo, vifutio vikaanza kukimbizana. Nathaniel akakohoa tena, kikohozi kimoja kikavu, na leva zikarudi tena. Mia na kumi na nane. Mia na kumi na mbili.

"Mwendo," Nathaniel alisema.

Ndivyo inavyotajwa, neno tupu, na anayerusha anatakiwa atazame mshale ajue umezidi au umepungua. Kwa Sadru mwendo ulikuwa na kosa moja tu siku zote, kuzidi. "Narekebisha," Modesta alisema, akarudisha leva.

Nyuma yao Sadru alikuwa ameona. Aliuona mshale ukishuka chini ya mia na kumi, akaona mkono wa binti ukivuta pale ulipotakiwa kusukuma, na ulimi ukamnyanyuka. Akakumbuka alichoahidi. Alifikiri: ataona sasa hivi, huyu huwa anaona. Akashika ukingo wa kiti chake kwa mikono miwili.

Nathaniel naye alikuwa ameona. Alitaka kujua kama atagundua mwenyewe, na alijipa sekunde mbili. Ili asichelewe akihitaji kuzinyakua leva, aliushusha mkono wake wa kulia, akaulaza bapa juu ya paja, karibu nazo.

Modesta alikiona kile kiganja.

Kimetulia, bapa, juu ya paja. Kitu cha kwanza siku hiyo katika mwili wa mtu huyu ambacho alikifahamu. Mabega yakamshuka, pumzi ikamrudia, na kwa muda huo mfupi alikuwa na furaha kabisa. Chini yao ziwa lilikuwa la kijivu, limechafuka, futi mia saba. Mshale ulisoma mia. Ukasoma tisini na saba.

Usukani ukatetemeka mikononi mwake.

Kila rubani anaujua mtetemeko huo, ndege inavyosema kwamba mabawa yanakaribia kuacha kubeba. Darasani jibu lake ni sekunde moja: shusha pua, sukuma nguvu. Modesta aligeuza kichwa kushoto akamtazama Nathaniel usoni. Alitazama kwa bidii, kama alivyomtazama babu yake, akitafuta anachotakiwa kufanya. Uso ule ulikuwa unatazama mbele na haukumwambia lolote.

Halafu yakatokea mengi kwa pamoja. Kiganja cha Nathaniel kilitua juu ya mkono wake kwenye leva, leva zikaenda mbele, injini zikanguruma, pua ikashuka kisha ikanyanyuka. Mtetemeko ukakoma. Maji yaliyokuwa yanawajia yakaanza kwenda nyuma.

"Hatutui. Tunapanda," Modesta alisikia sauti yake ikisema.

"Rusha wewe," Nathaniel alisema, akaondoa mkono. "Usinitazame mimi. Tazama mbele yako unisomee namba."

"Mia na ishirini. Mia na thelathini. Tunapanda."

"Endelea kunisomea."

Alisoma namba kwa sauti njia nzima, akazunguka, akarudi kwenye mstari, mvua bado ipo. Koo likakohoa kushoto kwake, na kila likikohoa mkono wake ulitaka kuvuta, akauzuia kwa nguvu kama mtu anayezuia mlango. Mia na kumi na tano, alisoma. Mia na kumi na sita. Mia na kumi na tano. Ndege iligusa kwa tairi la upande mmoja kwanza, ikaruka kidogo, ikakaa. Kwa wiki sita zilizopita huo ndio ulikuwa mtuo wake mbaya kuliko yote.

Injini zilipozimwa walisikia abiria wakifungua makabati juu ya viti, mtu mmoja anacheka, mtoto analia njaa. Mhudumu alifungua mlango, akawatakia siku njema.

Ofisini Nathaniel alikaa, akasimama, akakaa tena. Fomu ilikuwa mezani. Sahihi ya Sadru tayari ilikuwepo, kubwa, yenye mkia. Hakuna aliyegusa chai.

"Nianze na mimi," Nathaniel alisema. "Nilingoja sekunde mbili zisizo zangu. Zilikuwa za abiria. Hilo nitaliandika mwenyewe na nitalipeleka Dar kwa mkono wangu."

"Hata mimi niliona," Sadru alisema kwa sauti ya chini. "Nikanyamaza kwa sababu niliahidi."

"Ahadi ya namna ile inavunjwa, mzee."

"Najua." Sadru alinyanyuka kidogo kwenye kiti. "Lakini aliitoa ndege hatarini, Nathaniel. Tuseme haki. Mkono wake ulikuwa kwenye leva, akasukuma, akasema tunapanda. Kila mtu anakosea. Muhimu ameitoa mwenyewe."

"Mkono wangu ulikuwa juu ya wake. Mimi sijui nani alitangulia. Ilikuwa haraka mno." Nathaniel alimgeukia Modesta. "Wewe unajua. Nikiandika ulisukuma wewe, hili ni kosa la mwendo lililosahihishwa na rubani, nakupa safari mbili za marudio na natia sahihi. Nikiandika nilisukuma mimi, sitii. Nani alisukuma?"

Sadru alimtazama kwa macho ya kumsihi. Hiyo nayo Modesta aliisoma bila taabu. Mzee alikuwa anataka aseme ni yeye, na angelisema tu jambo lingeisha, maana hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa ndani ya mkono wake. Alifikiria mwisho wa mwezi. Alimfikiria mama yake, ambaye ndege yoyote ikipita juu ya Magu hutoka nje na kumwambia jirani kwamba yule ni Modesta, hata kama ni ndege ya kwenda Nairobi. Akaogopa, na akajisikia aibu kwamba anafikiria hayo.

"Ni wewe, Kapteni," alisema. "Leva zilikwenda mbele mimi bado nakutazama."

Nathaniel alitikisa kichwa polepole. "Ulikuwa unatafuta nini usoni kwangu?"

"Nifanye nini."

"Na kule juu, ulikuwa unavuta leva kwa nini?"

"Ulikuwa unakohoa."

Ikabidi aeleze. Alieleza kwa Kiswahili cha shuleni, mikono imekaa mapajani, macho kwenye fomu, na alipokuwa anaeleza Sadru alianza kucheka akidhani ni mzaha, kisha akaacha kucheka.

"Subiri," mzee alisema. Akakohoa. "Hivi?"

"Mwendo umezidi."

Akainua miwani kwenye paji la uso, akaishusha.

"Magurudumu."

Akagonga goti kwa kidole kimoja.

"Nimeacha mstari."

Sadru aliutazama mkono wake kana kwamba umeletwa na mtu mwingine. Saa elfu kumi na saba, na hakuna aliyewahi kumwambia. Aliwafikiria vijana wote waliopita kwake, waliokwenda Dar na kwingineko, akajiuliza ni wangapi kati yao waliokuwa wanarusha ndege na wangapi waliokuwa wanamrusha yeye. Kisha, taratibu, akalaza kiganja bapa juu ya paja.

"Na hivi?"

"Hiyo ndiyo niliyoiona kwa Kapteni Nathaniel leo. Ikanitoa wasiwasi." "Maana yake ni mambo shwari. Ukiweka hivyo, najua hata kama nje ni kubaya namna gani, wewe unajua tunapita wapi. Kama siku ile ya mwezi wa tatu. Ulikiweka hapo tangu radi ya kwanza mpaka tunatoka. Mimi nilikuwa natazama kile kiganja tu, Kapteni. Ndiyo maana sikuogopa."

Rangi ya uso wa Sadru ilibadilika, na Modesta, aliyeweza kumsoma mtu huyu kuliko alivyomsoma baba yake mzazi, kwa mara ya kwanza hakuelewa anachokiona.

"Mwanangu," mzee alisema hatimaye. "Mkono wangu ulikuwa unatetemeka. Niliubana kwenye paja usiuone."

Mtu alipita nje akiburuza toroli la mizigo. Waliliacha lipite.

"Rada ilikuwa nyekundu kila upande. Sikujua twende kulia, twende kushoto, turudi. Miaka thelathini na nane sijawahi kuishiwa vile. Nikakutazama wewe." Akakohoa, na mkono wa Modesta ukashtuka mwenyewe. "Nikaona uso wako umetulia, unanyoosha tu mbele. Nikajisemea, binti ameona njia. Nikanyamaza nisije nikamvuruga."

Modesta alizirudia zile dakika kumi na moja kichwani, moja baada ya nyingine, na katika kila moja aliwaona watu wawili wakitazamana kwa chati, kila mmoja akishukuru kwamba mwenzake anajua.

Sadru alivuta fomu. Alichukua kalamu ya Nathaniel mezani, akapiga mstari juu ya sahihi yake, ule mkia pia, akaandika tarehe pembeni. Kalamu ilimtoka, ikabingirika hadi ukingoni mwa meza, na Modesta akaidaka kabla haijaanguka.

"Mwezi wa tatu," Nathaniel aliuliza, na safari hii alikuwa ametulia kabisa kwenye kiti, "mlibeba abiria wangapi?"

"Arobaini na wawili," Modesta alisema. "Ilijaa."